Ufito wa Kiti cha Pili

Mwanangu, siku niliyokata kioo cha mbele cha gari ya Bwana Nasor nnaikumbuka mpaka harufu yake, maana spiriti ilikuwa imenimwagikia kwenye kanzu, na mimi nnacheka peke yangu kama mtu aliyeokota kitu njiani. Nilikuwa kijana. Skuli niliiacha mapema, si kwa utukutu, ila hesabu za ubaoni hazikuwa zikikaa kichwani kwangu. Kilichokuwa kikikaa ni ndoto, na karibu ndoto zangu zote zilikuwa na magurudumu.

Hiyo ni miaka ya tisini, tunakaa Darsait, nyumba yetu juu, chini kuna fundi wa viatu na duka la vyombo. Nyuma ya barabara ilikuwepo karakana ya Ami Khalfan. Hakuwa ami yangu wa damu. Alikuwa mtu wa Unguja kama sisi, aliyehamia Maskati na zana zake ndani ya sanduku la bati, na kila mtu mtaani akimwita Ami. Kazi yake ya kila siku ilikuwa vioo: madirisha, meza, kabati za maduka. Lakini kazi aliyokuwa akiipenda ni moja, nayo haikuwa ikija mara nyingi. Alikuwa akitengeneza vioo vya mbele vya zile gari kuukuu za Kimarekani zisizo na paa, zenye viti viwili tu.

Nikueleze kidogo, maana pengine hujaziona. Wenye mapenzi na gari hizo huzivua kila kisicholazimu, huzishusha chini, huzitia injini kubwa, na wenyewe huziita hotrodi. Kioo chake cha mbele hukipati dukani, kwa sababu kila mmoja anakitaka kwa urefu wake na anakitaka kilale nyuma kwa namna yake. Kwa hivyo huna budi kukitengeneza. Unaanza na kigezo cha kadibodi, unakiweka juu ya gari, unakipunguza na mkasi mpaka macho yaridhike. Kisha kigezo cha plaiwudi. Kisha nguzo mbili za shaba, kushoto na kulia, unazipiga tupa na msasa mpaka zilingane, unazipeleka kuchovywa nikeli zing'are. Halafu fremu, halafu mpira, na mwisho kioo chenyewe.

Na kioo hicho si cha dirisha. Ni cha matabaka mawili, katikati pana plastiki laini, ili kikivunjika kisimrukie mtu usoni. Kukikata kunataka utulivu. Unapitisha almasi ya kukatia upande wa juu, unakigeuza, unapitisha tena pale pale upande wa chini. Unagonga taratibu mpaka kipasuke pande zote mbili, na bado kimeshikana kwa ile plastiki. Hapo unamimina spiriti kwenye ufa, unaiwasha, moto unakimbia kwenye mstari kama umeitwa, plastiki inalegea, unapitisha wembe. Ukifanya haraka unakiua. Ukichelewa moto umezimika, unaanza upya.

Bwana Nasor alikuwa mtu mzima, mstaafu wa serikali, mpole, kanzu yake siku zote imepigwa pasi ya kukata mtu. Gari yake aliinunua kwa Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi za mafuta, ikiwa bodi tupu yenye kutu, akaishughulikia mwenyewe hata ikapata rangi ya komamanga. Alipotuletea alikuwa na picha aliyoikata gazetini: gari kama yake, kioo kimefupishwa mpaka kimebaki kama ukanda. Alisema anataka hivyo hivyo. Na alisema neno jengine, kwa sauti ya chini, huku akifuta bodi na ncha ya kilemba. Alisema, "Nnayo ahadi ya zamani juu ya gari kama hii."

Hatukumuuliza ahadi kwa nani. Wewe umekulia zama nyengine, pengine utaona ajabu, lakini kwetu sisi mwanamme hamuulizi mwanamme mwenziwe habari za mkewe. Utamuuliza watu wa nyumbani hawajambo, atakwambia wazima, alhamdulillahi, na hapo pamekwisha. Kumtaja mke wa mtu karakanani, mbele ya mafundi na mashine, ilikuwa ni kumkosea mwenyewe. Tukanyamaza, tena tukajiona tuna adabu.

Ami Khalfan akanipa kazi ile niifanye mimi, yeye asimame pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza. Tukamkalisha Bwana Nasor kwenye kiti cha dereva, nikasimamisha ufito juu ya kiti hicho hicho, ubavuni mwake, nikatia alama pale macho yake yalipofika. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Ami: macho kwanza, kioo baadaye. Ukiyajua macho yalipo, unajua upau wa juu wa fremu uwekwe wapi usimkate mtu njia, na upepo umpite juu ya kichwa. Bwana Nasor hakuwa mrefu. Alama ilikaa chini, kioo kikaweza kuwa kifupi, karibu sawa na ile picha, nami moyo wangu ukawa kama wa bwana harusi.

Nilikikata nikiwa nimezuia pumzi. Moto ulikimbia vizuri, wembe ukapita. Ami alikipandisha kwenye mwanga akakitazama ukingo mzima, kisha akakiweka juu ya blanketi bila kusema kitu. Kwa Ami Khalfan kutosema kitu kulikuwa ndiyo sifa.

Jioni nikamsimulia mama. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akikuna nazi, nami nnamchorea kioo hewani kwa vidole, nnamwonesha kilivyolala, nnamwambia watu wa pwani ya Sib, wanakokutana wenye gari hizo, watageuka wote. Mama akaendelea kukuna. Halafu akauliza, bila kuniangalia, "Sefu, gari hiyo ina viti vingapi?"

Nikamwambia viwili.

"Na nyinyi mmepima vingapi?"

Nikacheka. Nikamwambia anayeendesha ni mmoja, na huyo tumempima sawasawa. Mama akaacha mbuzi ya kukunia. Akasema kwamba gari ile haikutengenezwa kwa ajili ya Nasor, imetengenezwa kwa ajili ya Zuwena, na wanawake wote wa Darsait wanajua. Bi Zuwena, mkewe, alikuwa rafiki yake. Walikuwa wakionana kwenye maulidi na kwenye harusi. Wakati ndio kwanza wameoana, huko Unguja, hawana kitu, walikuwa wakikaa barazani jioni, na tajiri mmoja akipita na gari ya wazi, mkewe ubavuni. Nasor akamwambia mkewe: iko siku na mimi nitakutembeza hivyo, kando ya bahari, watu wakuone. Zuwena akacheka, lakini neno akaliweka. Na sasa, mama akasema, Zuwena keshatoa sharti lake. Atapanda mara moja. Upepo ukimvua shela mbele ya watu kwenye kornishi ya Matrah, ile barabara ya kando ya bahari, atashuka, na hatapanda tena maisha yake.

Nikamwambia upepo hautamfika, utapita juu, tumepima.

Mama akanitazama kwa huruma. "Mmempima Nasor," akasema. "Zuwena ni mrefu kuliko mumewe."

Hilo, mwanangu, kila mwanamke wa mtaa wetu alikuwa akilijua, na hakuna mwanamme aliyekuwa na njia ya kulijua. Walikuwa hawatembei sambamba. Bwana Nasor mbele, Bi Zuwena nyuma na wanawake wenziwe, kama ilivyokuwa desturi, na sisi kwa adabu yetu macho tunayainamisha. Adabu ni kitu kizuri, siikatai. Lakini kwa kazi ile ilikuwa imetufumba macho.

Asubuhi nilimpelekea Ami habari. Alikaa juu ya pipa la spiriti. Kumuuliza Bwana Nasor urefu wa mkewe lilikuwa jambo lisilowezekana. Angeliona tumeingia chumbani kwake. Kumwambia amlete akae tumpime ndiyo zaidi. Mwisho Ami akachukua ufito mpya, akaulainisha na msasa usije ukamchoma mtu, akanipa nimpelekee mama. Mama akavaa buibui, akaenda kumzuru rafiki yake. Walikunywa kahawa, wakala halua, wakazungumza hata wakachoka, na katikati ya mazungumzo Bi Zuwena akakaa wima kwenye kiti, mama akausimamisha ufito ubavuni mwake. Kutia alama kwa kalamu Bi Zuwena alikataa. Alichana ukanda mdogo kwenye pindo la leso aliyokuwa akijifunga kwa kazi za ndani, akaufunga mwenyewe pale macho yake yalipofika, mafundo mawili.

Tukausimamisha ufito ule juu ya kiti cha pili, kioo changu kikiwa mahali pake. Kitambaa kilikaa juu ya upau wa fremu, na si kidogo. Kiganja kizima kingepita katikati. Maana yake Bi Zuwena angelikaa na macho yake nje ya kioo, upepo wa kornishi unampiga usoni moja kwa moja, na mikono yake miwili imeshikilia shela mwanzo wa safari mpaka mwisho.

Kioo cha namna ile ukishakifupisha hakirefuki tena. Nilikiangalia kilivyokuwa kimetulia pale, nikaona uchungu, sikufichi. Kilikuwa cha kwanza changu. Ndipo likanijia wazo, na wakati ule nililiona la busara sana. Nikamwambia Ami kwamba kiti tunaweza kukishusha. Tutoe springi upande ule, tuweke sponji nyembamba, mtu atakaa chini zaidi, kitambaa kitashuka mpaka nyuma ya kioo, na hapana atakayejua. Ami akalipima. Akazunguka gari, akabonyeza kiti kwa mkono, akasema si vibaya. Alikuwa na yeye anakipenda kile kioo.

Nikarudi nyumbani kwa furaha nimwambie mama tumepata dawa. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakupaza sauti, kwa kweli nilikuwa sijawahi kumsikia akisema taratibu namna ile.

"Kwa hivyo mnamfupisha mtu mzima ili kioo kipendeze," akasema. "Zuwena amekaa wima maisha yake yote. Katika dhiki alikaa wima, kwenye msiba wa mwanawe alikaa wima, mimi nilikuwepo. Leo, siku ya kutimiziwa ahadi, mumtie shimoni? Anayeoneshwa watu ni yeye au hicho kioo chako?"

Niliyaona yote mara moja, kama vile mtu amefungua dirisha: yule bibi amezama kwenye kiti, kidevu usawa wa mlango, mumewe ameinuka kuliko yeye kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, na mimi pembeni nnasifiwa kazi. Mama akarudi kwenye shughuli zake. Baada ya kitambo akaniletea chai, akanipapasa kichwa kama mtoto, akasema vioo viko vingi.

Ikabaki namna ya kumwambia Bwana Nasor. Ami alisema hatuwezi kumwambia, lakini tunaweza kumwacha aone. Siku aliyokuja kuangalia kazi, tuliiacha gari katikati ya karakana, kioo changu mahali pake, na ule ufito tumeusimamisha juu ya kiti cha pili, umeegemea mgongo wa kiti. Kisha Ami akajishughulisha na meza ya kioo ya mtu, na mimi nikashika ufagio.

Bwana Nasor akakisifu kioo. Akapitisha kidole kwenye nikeli. Akazunguka upande wa pili, akauona ufito, akanyoosha mkono autoe, huku anasema watu hawa wanaacha zana zao kila pahala. Mkono ukasimama. Alikuwa ameiona ile leso. Nafikiri pindo lile alilijua kama unavyoijua sauti ya mtu wa nyumbani kwako. Aliliangalia fundo, akaangalia upau wa kioo chini yake, akaangalia tena fundo. Nilikuwa nnafagia mahali pamoja tu.

Angeliweza kukasirika. Kitambaa cha mkewe kwenye karakana ya watu, na urefu wake umesimamishwa wazi mbele ya mafundi. Na sisi tulikuwa tumejiandaa kwa hilo. Ami alikuwa keshatunga maneno ya kuomba radhi. Lakini Bwana Nasor alivuta pumzi, akakaa kwenye kiti cha dereva, pembeni mwa ufito, akatazama mbele kama mtu anayesubiri safari ianze. Halafu akatabasamu.

"Kumbe keshapanda," akasema. Na baada ya kitambo, "Kateni upya, Ami Khalfan. Kateni usawa wa huyu."

Nilikata upya, na hicho cha pili kilitoka safi kuliko cha kwanza, labda kwa kuwa nilikuwa nnajua nnamkatia nani. Nguzo tulizirefusha, tukazilaza nyuma kidogo zaidi ili gari isionekane imeinua shingo. Ilikuwa bado ina kioo kirefu, siwezi kukudanganya. Wenye gari zao walikuwa wakikutana Ijumaa alasiri karibu na pwani ya Sib, kila mmoja na kioo chake kama ukanda, na siku ya kwanza Bwana Nasor alipofika peke yake kuijaribu, walimcheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akamuuliza tangu lini ameanza kuendesha basi la skuli, na watoto wako wapi.

"Watoto ndio nyinyi," Bwana Nasor akawajibu. "Pandeni nyuma." Na nyuma, kama nilivyokwambia, hapakuwa na kiti.

Siku ya Idi, baada ya sala, walipita mbele ya nyumba yetu. Mama alikuwa keshasimama dirishani mapema. Mimi nilikuwa chini na Ami Khalfan, tumevaa mpya, tunajifanya tunazungumza. Gari ilikuja taratibu, rangi ya komamanga, nikeli inawaka jua. Bi Zuwena amekaa wima. Shela yake imetulia, hata ncha haikupepea, na mikono yake iko mapajani. Alikuwa anazungumza, na mumewe amemwinamishia sikio na anacheka. Tuliinamisha macho kama inavyotakiwa, lakini safari hii si mapema sana. Walikwenda mpaka Matrah, wakapita kornishi yote, wakarudi, wakaenda tena. Mama alihadithiwa baadaye kwamba alipofika nyumbani Bi Zuwena hakutaka kushuka.

Ami Khalfan alipochoka, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, karakana ikabaki kwangu. Kile kioo cha kwanza kipo mpaka leo, kimesimama ukutani nyuma ya benchi, na watu wanakiomba, nami sikitoi. Lakini ukija utaona na kitu chengine pembeni ya mlango: pipa lililojaa fito, kila mmoja umefungwa kitambaa. Ndio utaratibu wetu siku hizi. Mtu akitaka kioo, tunampima yeye hapa, kisha tunampa ufito aende nao nyumbani, aurudishe na kitambaa. Hatuulizi ni wa nani. Mmoja aliurudisha umefungwa utepe wa nywele wa mtoto. Mwengine kitambaa cha mamake mzee, alama iko chini sana, tukamwinulia kiti mpaka akaona bahari. Na umo mmoja wenye ukanda wa zambarau, huo ni wa mke wangu. Gari ya wazi sinayo, wala sijui nitaipata kwa mali gani. Lakini ufito upo tayari.

Sasa neno langu kwako, mwanangu, nalisema wazi usije ukasema nimekuzungusha. Ota. Mimi sikukatazi kuota, na atakayekukataza usimsikilize sana. Lakini kabla hujapitisha almasi juu ya ndoto yako, tazama upande wa pili wa gari. Kuna mtu atakaa pale. Pengine hajasema kitu, pengine wewe kwa heshima hukumuuliza. Muulize, au mtume mwenye njia ya kumuuliza. Na ukimkuta ni mrefu kuliko ulivyodhani, usimshushie kiti. Kata kioo upya. Utaumia kidogo, utachekwa Ijumaa moja au mbili, kisha utasahau uchungu na kicheko chote, na kitakachobaki ni mtu wako amekaa wima ubavuni mwako, unasikia anachosema.

Mwenyezi Mungu akupe ndoto zenye viti viwili, akupe wa kukaa nawe, akujaalie macho ya kumwona mapema na mkono usiotetemeka wa kuanza tena. Na siku mtakayopita mbele ya nyumba yangu, nendeni taratibu, nami nitakuwa dirishani.